Muuguzi Asiyeshika Kisu

Mwaka 1992, siku kantini ya kiwanda ilipofungwa, Tereza Nyangi aliapa kwamba hatamhudumia mtu tena. Aliapa kwa sauti ya kawaida tu, huku anakausha sufuria ya mwisho, na hapakuwa na shahidi ila mlinzi aliyekuwa anangoja kufunga geti. Mlinzi akamwambia, "Sawa mama, ila hiyo sufuria ni mali ya kiwanda." Tereza akaiweka chini, akatoka.

Sababu alikuwa nazo. Alizaliwa Butiama, mtoto wa pili kati ya tisa, na tangu alipoweza kuinua ndoo hakuwahi kula chakula kikiwa bado cha moto. Alisoma mpaka darasa la nne, akatoka na mwandiko uliomfanya mwalimu wake aite walimu wenzake waje kuuona. Akaolewa na Clementi, mtu wa Bukima, akamfuata Bunda kwenye jineri ya kuchambulia pamba, na huko akawapikia wapakiaji wa marobota. Vita ilipokuja, akawapikia mgambo. Bidhaa zilipoadimika, akapewa kopo la kugawia watu sukari. Hiyo sukari tutairudia, maana yeye mwenyewe hakuwahi kuiacha.

Clementi alipofariki, kaka yake mkubwa, Mzee Bernado, alimpa Tereza vyumba viwili na baraza katika kiwanja chake cha Mwisenge, mjini Musoma, na hapo mjini ndipo Tereza alipopata ile kazi ya kantini. Alimpa mbele ya ukoo, kwa mdomo, bila karatasi. Mzee Bernado alikuwa mtunza stoo wa chama cha ushirika kwa miaka ishirini na sita, akajua vizuri tofauti ya kitu kilichoandikwa na kitu kilichosemwa. Kwa hiyo Tereza alikaa Mwisenge kama mtu aliyekalia kiti cha kuazima. Alikaa vizuri, lakini hakujiegemeza.

Ulikuwa wakati wa ruksa, kila mtu ameruhusiwa kufanya biashara. Kila aliyepunguzwa kazini alikuwa anauza kitu, na mara nyingi alikuwa anamuuzia mwenzake aliyepunguzwa. Tereza aliuza mitumba hapo barazani. Pembeni yake alikaa Dorkas, binti fundi wa nguo, na cherehani yake juu ya meza ndogo yenye mguu mmoja mfupi uliowekewa kigae.

Siku moja mwaka 1993 Tereza alifungua belo la nguo za watoto, akakuta ndani yake, limeviringishwa kwenye koti zito la nchi za baridi, boksi bapa la karatasi ngumu. Juu palichorwa joka lenye mabawa na mtu mwenye upanga anayeonekana kujuta. Ndani kulikuwa na vitabu viwili vya Kiingereza na madadu matano ya ajabu, hakuna hata moja linalofanana na dadu la bao la ludo. Moja lilikuwa na nyuso ishirini. Tereza akalitundika boksi pamoja na nguo. Lilikaa wiki tatu. Mteja mmoja aliuliza kama ni dawa ya panya.

Aliyelitambua ni Mwalimu Alfonce, aliyefundisha Kiingereza mpaka akastaafu. Alikuja kutafuta suruali. Akafungua kitabu akiwa amesimama, akasoma mpaka kivuli cha paa kikamhama, akaomba kwenda na boksi nyumbani. Suruali akasahau. Baada ya wiki tatu alirudi na daftari lililojaa maandishi ya Kiswahili.

"Si mchezo wa kushindana," akawaeleza waliokuwapo. "Ni mchezo wa kusafiri. Watu wanne wanasafiri. Mimi nawaambia wanakutana na nini, wao wananiambia wanafanya nini, na dadu linaamua kama wameweza."

"Na mshindi?" akauliza Pastory. Huyu Pastory alikuwa mwendesha mitambo kiwandani, akapunguzwa mwaka mmoja na Tereza, na sasa alikuwa anakaa barazani kwa watu.

"Hakuna mshindi. Anayebaki hai anaendelea."

"Hiyo si ndiyo tunachezaga kila siku?"

"Huku kuna dadu," akasema Mwalimu.

Wakakubaliana Jumapili, baada ya misa ya pili. Dorkas aliitoa cherehani juu ya meza yake, Mwalimu akatandaza karatasi, na Mzee Bernado, ambaye hakuna aliyemwalika, akaja na kiti chake. Baraza lilikuwa lake. Hakuna aliyeuliza.

Kwanza kila mtu alitakiwa kuchagua atakuwa nani. Mwalimu hakumaliza kutamka neno mpiganaji, Pastory alikuwa ameshalichukua. Dorkas akachagua mwizi, yule wa kufungua kufuli na kupita pasipopitika.

"Hatujashangaa," akasema Pastory. "Kitambaa cha mke wangu kilikuwa mita tatu, gauni likarudi na mita mbili."

"Mkeo amenenepa, kaka. Kitambaa kimeishia huko."

Mzee Bernado alimtaka yule mwenye ndevu anayetoa moto kwa maneno. Kitabuni alikuwa na jina ambalo Mwalimu Alfonce, mtu wa kanisa, alikataa kuliandika kwa Kiswahili katika daftari lake, maana watu walishawahi kupigwa kwa kudhaniwa tu kwamba wanaroga. Aliandika "mtaalamu."

Akabaki mmoja. Huyo kazi yake ni kufuata wenzake, kuwaombea, kuwafunga vidonda na kuwarudishia uzima. Mwalimu alimwita muuguzi. Wote wakageuza shingo kumtazama Tereza, ambaye wakati huo alikuwa amesimama na birika la chai mkononi.

"Mimi nataka upanga," akasema Tereza.

"Wapiganaji wawili bila muuguzi hamfiki hata mtoni," akasema Mwalimu.

"Basi Pastory auguze."

"Mimi? Mimi hata kuku akichinjwa natokaga nje."

Hapo Mzee Bernado akamwita kwa jina la mwanawe, akasema kwa upole, kama mtu anayetoa zawadi, "Mama Werema, wewe si umeshazoea?"

Neno hilo la kuzoea Tereza alilisikia Bunda jinerini, akalisikia kwa mgambo, akalisikia kantini. Sasa alilisikia ndani ya mchezo uliotoka katika belo lake mwenyewe. Akaweka birika chini. Akaomba aone picha.

Pichani alikuwa mtu mwenye upara, shati la chuma, na nyundo kubwa begani.

"Muuguzi gani anatembea na nyundo?"

"Haruhusiwi kushika kitu chenye makali," akaeleza Mwalimu. "Ndiyo masharti yake. Nyundo ruksa, kisu hapana."

"Hata kisu cha jikoni?"

Mwalimu alipekua kurasa. "Hata hicho."

"Mboga zao atakata nani?"

"Watajua wenyewe."

Tereza akatazama picha tena, safari hii kwa muda. "Sawa," akasema. "Nitauguza humo ndani ya karatasi. Lakini huku nje simmiminii mtu chai. Birika hilo hapo, kila mtu ana mikono." Akavuta kiti, akaketi, akaandika jina la mtu wake kwa ule mwandiko wake: Nyangi. Pastory alikuwa amejiita Radi, Dorkas Chui, na Mzee Bernado Profesa.

Dorkas aliwamiminia wote chai siku hiyo, kwa mazoea, na Tereza akamwacha. Mzee Bernado alikipokea kikombe bila kuangalia kimetoka mkono gani.

Safari yao ya kwanza iliwapeleka kwenye pango. Kitabu kilisema humo mna vijitu vya kijani vinavyolinda dhahabu. Mwalimu aliona hiyo haitaeleweka, akaweka wezi wa ng'ombe wenye meno marefu, na dhahabu akaigeuza ng'ombe arobaini. Hapo mpaka Mzee Bernado alisogeza kiti karibu.

Wakapigana. Dadu lilikuwa halina urafiki na Pastory. Alipigwa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, uzima wake ukafika sifuri, na Mwalimu akatangaza kwamba Radi yuko chini, anavuja damu, na asipopata msaada sasa hivi hatapona. Wakati huohuo mwizi mmoja wa ng'ombe alimkwaruza Profesa mkononi.

Muuguzi alikuwa na dua moja tu ya kuponya kwa siku nzima.

"Mama Werema," akasema Mwalimu, "unampa nani?"

"Shemeji," akasema Tereza.

Hakufikiri. Lilimtoka kama maji ya kunawa yanavyopelekwa kwanza kwa mkubwa wa chumba. Dorkas akamvuta kitenge. "Mama, anayekufa ni Pastory."

"Mkubwa bado hajapata."

Mwalimu akaandika. Mkwaruzo wa Profesa ukapona. Radi akafa.

Pastory alishika karatasi yake kwa mikono miwili. "Nimekufa," akasema, "kwa sababu ya mkwaruzo wa Mzee?"

"Pole sana," akasema Mwalimu.

"Ahsante, Mama Werema," akasema Mzee Bernado, akikunja na kukunjua vidole vyake. "Sisikii maumivu kabisa."

Jumapili iliyofuata hawakucheza. Pastory alisema mtu amekufa, haiwezekani wenzake waendelee na safari kabla ya matanga. Mwalimu alitafuta kitabuni, hakuona mahali panapokataza. Wakakaa barazani, wakanywa uji, Pastory akaeleza maisha ya Radi toka utoto, na yalikuwa marefu kuliko Mwalimu alivyotegemea.

Tereza alikuwa anafikiri habari ya sukari.

Mwaka 1983 kule Bunda sukari ilikuwa inafika duka la kaya, lile la mgao, mara moja baada ya muda mrefu, watu wanapanga foleni na vitambaa mkononi. Walimchagua Tereza agawe, kwa sababu ya mwandiko wa kuandika majina na mkono usiotetemeka. Siku moja walikuja wazee watatu, wakapita mbele. Hakuna aliyewaita, na hakuna aliyewazuia. Tereza akawajazia kopo. Mwisho wa foleni alikuwapo jirani yake Hana, aliyejifungua siku kumi nyuma, anataka ya kuweka kwenye uji. Gunia likaisha yamepungua makopo matatu kumfikia, sawa na yale ya wazee. Hana hakugomba. Angegomba, Tereza angejibu, na yangekwisha siku ileile. Alikunja kitambaa chake mara nne, akaondoka, na tangu hapo kila walipokutana alimsalimia Tereza kwa adabu kamili, hali ya nyumbani, hali ya watoto, hali ya baba, bila kuruka kitu. Miaka kumi Tereza alikuwa ametunga maneno ambayo angewaambia wale wazee. Alishayatengeneza vizuri sana. Hakuwa na mahali pa kuyasemea.

Matanga yalipoisha Pastory alirudi na mtu mpya, anaitwa Radi Mdogo, mtoto wa marehemu. Akatoa na hoja. "Mwalimu, tubadilishe muuguzi. Huyu anatibu kwa umri. Mimi mtoto wa Radi nina miaka kumi na tisa, nitazikwa leo leo."

Mwalimu alikuwa ameshalifikiria. "Mama Werema, nimepata kitabuni mtu mwingine, mpiga upinde. Ana mishale, tena ana kisu kirefu. Ulitaka silaha. Muuguzi tutampa Dorkas."

Ndicho alichokitaka tangu mwanzo. Tereza alitazama picha ya mpiga upinde. Alikuwa mwanamke, amesimama peke yake juu ya jiwe, hakuna anayemsumbua.

"Muuguzi wangu simtoi," akasema.

"Lakini si ulililia upanga?" akasema Pastory.

"Nililia kabla sijaua mtu."

Akavuta karatasi yake, akaandika chini kabisa, herufi zimesimama kama askari wa gwaride: Ataanza anayevuja zaidi. Akamgeuzia Mwalimu, Mwalimu akasoma kwa sauti. Pastory akasema sawa. Dorkas akasema sawa. Mzee Bernado naye akasema sawa, kwa kuwa siku hiyo Profesa alikuwa mzima kama chuma. Lakini wote walijua wameketi kwenye baraza la nani, na Tereza alijua kuliko wote. Ilikuwa imebaki siku ya kulipima neno hilo.

Siku hiyo haikuchelewa. Wiki iliyofuata wasafiri walifika kwenye daraja la kamba, na wezi wa ng'ombe wakawavizia pande zote mbili. Mshale ukampata Chui, mtu wa Dorkas, uzima ukafika sifuri. Mshale mwingine ukampata Profesa begani, akabakiwa na uzima wa mbili, lakini amesimama.

Dua ilikuwa moja.

Mzee Bernado hakubishana. Aliweka mkono wake juu ya meza, kiganja juu, kama mtu anayengoja haki yake dirishani. "Mama Werema," akasema. Hilo tu.

Dorkas akainama. "Mama, acha. Mimi nitatengeneza mwingine. Kweli."

Tereza aliutazama ule mkono. Mkono huohuo ndio ulionyesha mipaka ya vyumba vyake mbele ya ukoo. Halafu akayasema yale maneno aliyoyatunga miaka kumi, ingawa yalitoka mafupi kuliko alivyoyatengeneza.

"Shemeji, leo mkubwa ni aliye chini. Ninampa Dorkas."

Chui akainuka. Mwalimu, kwa sauti ndogo, akamweleza Mzee Bernado kwamba adui bado yupo, na anatakiwa atupe dadu, apate namba kubwa, ili akwepe. Mzee akalitupa lile la nyuso ishirini. Likabiringika juu ya meza ya cherehani, likafuata upande wa ule mguu mfupi, likaanguka sakafuni, likasimama. Mbili.

Profesa akafa.

Pastory ndiye aliyejaribu kufariji. "Mimi nimeshakufaga, Mzee. Haiumi."

Mzee Bernado akavaa kofia. "Kwa hiyo mimi nimekufa, na huyu mshona nguo amepona."

"Ndiyo, shemeji."

"Barazani kwangu."

"Ndiyo, shemeji."

Akachukua kiti chake, akaenda.

Jumatatu hakupita. Jumanne hakupita. Jumatano alikuja na Mayala, seremala, na futi ya chuma. Akasalimia, "Habari za hapa," Tereza akajibu, "Nzuri, shemeji," kisha akarudi kwenye nguo zake. Wakapima baraza, urefu kisha upana. Mayala akaandika namba kwenye kiganja chake. Wakaondoka.

Siku zile wafanyabiashara wa sangara walikuwa wanatafuta mabaraza ya kupanga Mwisenge kote. Tereza hakuhitaji kuelezwa. Akaanza kukunja nguo moja moja na kuzirudisha kwenye belo. Akaandika barua Butiama kumuuliza kaka yake kama nyumba ya mama yao bado ina bati. Dorkas akaacha kushona.

"Mama, nenda ukamwombe radhi. Si ni mchezo tu?"

"Kama ni mchezo tu, radhi ya nini?"

"Na kama si mchezo?"

"Basi nilifanya sawasawa." Akafunga belo kwa kamba, mafundo mawili.

Jumamosi asubuhi mkokoteni ulisimama mbele ya nyumba. Juu yake kulikuwa na meza mpya ya mninga, ndefu, miguu minne minene. Mayala na msukuma mkokoteni wakaiingiza barazani, ikaenea kama ilizaliwa hapo, ikabaki nafasi ya viti pande zote. Mzee Bernado akaagiza kikombe cha maji. Akakiweka katikati ya meza, akainama, akakitazama kwa jicho moja, akahamia upande wa pili.

"Ile meza ya cherehani imeinama," akasema. "Ndiyo maana nilikufa."

Tereza naye akatazama maji. "Inawezekana, shemeji."

"Si inawezekana. Imeinama."

"Imeinama, shemeji." Hilo alimpa. Halikumpunguzia kitu.

Mzee akaliona belo lililofungwa. "Unasafiri?"

"Nilikuwa napanga nguo."

"Zipange vizuri basi. Kesho tunahitaji nafasi."

Jumapili walikuwa wote mezani. Mwalimu alifungua daftari, akamuuliza Mzee Bernado safari hii atakuwa nani. Mzee alikuwa amejiandaa, akavua kofia.

"Muuguzi."

Mwalimu akatazama daftari. Pastory akatazama paa.

"Nimetunza stoo miaka ishirini na sita," akasema Mzee Bernado. "Mwenye ufunguo nikimwona namjua."

"Nafasi hiyo ina mtu, shemeji," akasema Tereza.

Mzee akaiweka kofia magotini. "Amebaki nani?"

"Mpiganaji," akasema Mwalimu.

"Anatembea mbele," akasema Pastory kwa furaha isiyofichika. "Mbele kabisa, Mzee, mimi nyuma yako."

"Na nikiumia?"

"Nitakuangalia," akasema Tereza. "Kama hakuna aliyeumia zaidi."

Mzee Bernado akaivuta karatasi, akaandika jina la mtu wake polepole. Kisha akatazama birika. Dorkas alikuwa ameshaanza kuinuka, Tereza akamgusa goti, akakaa. Hakuna mwingine aliyesogea. Mwishowe Mzee akanyoosha mkono, akajimiminia chai mwenyewe. Hakuwa na mazoea. Nyingine ikamwagika mezani, na kwa kuwa meza ilikuwa imenyooka, haikwenda popote.